Nyavu Zilizoingia Majini Kabla ya Mazishi

Kule kwetu, kando ya ziwa Tanganyika, mtu akizama hakuna mtumbwi unaokwenda kuvua mpaka apatikane na kuzikwa. Watu wanaingia ziwani kumtafuta, basi. Njaa ikiuma, mnakula sombe, majani ya muhogo tu, na mnanyamaza. Hakuna padri aliyetuandikia sheria hiyo. Tulizaliwa tukaikuta, pamoja na rozari na harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu.

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kando ya ziwa huku Uganda, nilidhani tumehama nayo. Wavuvi wa ufuko wetu karibu wote ni Wakongomani wa kwetu, na tunasali kanisa moja, lile la mabati. Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yangu, alipopinduliwa na upepo mtumbwini asubuhi moja akaenda chini, wote walitoka kumtafuta. Mimi nilikaa ufukoni na wamama wenzangu, tunasali. Nilitaka kitu kimoja tu: nimzike. Tumeacha makaburi mengi huko nyuma, hakuna wa kuyapalilia. Hili moja nililitaka liwe fasi ninayoweza kufika kwa miguu.

Siku zikapita, maji hayakumrudisha. Ndipo ikaja pikapu ya barafu ya tajiri wa samaki wa mjini Mbarara, na dereva akasema asipopata samaki leo atahamia ufuko mwingine moja kwa moja. Nikaona wanaume wanapakia nyavu. Nyavu! Wengine walipita nyuma ya kanisa ili wasinitazame. Nilimwendea katekista wetu, maana naye ana mtumbwi, nikamuuliza kama ameshamzika mtu ambaye mimi sijui. Akaanza kunieleza habari za watoto wanaolala bila kula. Nikamwambia kwangu pia wapo watoto, na wamelala hivyo hivyo. Nikawatukana wote kwa sauti, matusi ambayo mama angeyasikia angenipiga kofi, nikasema wanakwenda kuvua juu ya mgongo wa mdogo wangu.

Wakaenda.

Mchana walirudi. Mdogo wangu alikuwa amenasa katika wavu wa katekista, pamoja na samaki, ngege wanono. Walimlaza juu ya kitenge changu. Wamama wakasema Mungu ndiye ameongoza ule wavu, nishukuru, tulie pamoja yaishe. Na mimi nilitaka yaishe, kweli nilitaka. Nikamuuliza katekista kama walikuwa wameingia kumtafuta. Angesema ndiyo, ningemwamini hapo hapo.

Alisimama mbele yangu, suruali inachuruzika maji.

"Dada, siwezi kukudanganya mbele ya maiti. Tulienda kuvua."

Tulimzika kwenye mteremko juu ya ufuko. Katekista huyo huyo ndiye aliyeongoza sala, nami nikaitikia amina nimeuma meno. Tulikuwa bado tunarudishia udongo pikapu ilipopanda barabara ya Rwekubo, imejaa. Wale ngege waliotoka naye walikuwa humo humo, wamepimwa kama wengine, wamefunikwa barafu. Mbarara walikula vizuri siku ile.