Kizee Hiki Kichomwe

Jamani, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Leo asubuhi, hapa mahakamani Karatu, hakimu alinipa kitabu cha sheria cha enzi za Waingereza nikikague hali na thamani. Nikamsomea tathmini yangu kwa sauti, dirisha likiwa wazi:

“Kizee hiki ngozi imechakaa. Mgongo umelegea. Hakina thamani tena. Kichomwe.”

Sikujua kwamba chini ya dirisha ameketi bibi wa Kimasai kutoka Olbalbal, na mwanawe.

Mlango ukapigwa teke.

“Nani achomwe? Yeyo wangu, mama yangu mzazi?”

Rungu la kwanza likanivunja kifundo cha mkono. La pili lilikuja kichwani. Nikainua kitabu, jalada likapasuka vipande viwili.

“Ni kitabu, ndugu! Nasema kitabu!”

Mama yake akaingia, akamnyang’anya rungu. Akaokota vipande, akanitazama.

“Kizee kimekuokoa. Bado unakichoma?”

Hakimu anadai fomu ya tathmini kesho. Kwenye hali nimeandika: mgongo umevunjika.

Kwenye thamani bado ni patupu. Kichwa changu ninyi mngekithamini kiasi gani?