Jirani Aliyefuturu Ndani

Mtaani kwetu Tabora, mwezi wa Ramadhani, wanaume tulifuturu barazani. Kila nyumba ilitoa sinia lake nje, mkeka ukatandikwa, na mpita njia akikaribishwa alinawa akakaa. Hakuna aliyeuliza chakula gani kimetoka kwa nani, lakini usidanganyike, kila mtu alijua. Mimi nilijua kuliko wote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na balozi wa nyumba kumi, na ubalozi ulinifundisha kutazama masinia ya watu.

Baraza yenyewe ilikuwa ya jirani yangu mwenye duka. Wazee wake walitoka Omani, wakaja na misafara, wakabaki. Kwa umri alilingana na baba yangu, nami nilimwita Ami. Tangu Azimio la ujamaa litangazwe tulibishana kila jioni. Mimi nilisema si haki mtu mmoja awe na nyumba tatu za kupangisha wakati mkulima wa tumbaku kule Urambo analala chini. Yeye alijibu taratibu, huku akinisogezea tambi, "Sasa mwanangu, hizo nyumba ulitaka nizile?"

Watu walicheka. Mimi nilikasirika, na nikikasirika huwa naanza kusomesha historia.

"Ami, babu yako alifika hapa juu ya punda. Babu yangu alibeba pembe za ndovu begani toka Ujiji. Tusijifanye tulikuja sawa."

"Na babu yangu akafa kwa ndui hapahapa, wako akarudi kwao akaongeza mke," alisema. "Kula, tambi zinapoa."

Tulichomana hivyo kwa adabu kwa miaka, na nadhani tungeendelea hadi uzeeni. Mke wangu peke yake ndiye aliyeona aibu. Aliniuma sikio siku moja, "Hivi wewe unamsema mtu huku unakula chake?"

Kisha sukari ikaadimika. Maduka ya watu binafsi yakaanza kutazamwa kwa jicho baya, ikasemekana mengi yatafungwa na mtaa utabaki na duka la ushirika. Tawi la chama likaagiza kila balozi aseme kuhusu mwenye duka wake: huyu ni mtu wa kuaminika, au ni mlanguzi anayeficha bidhaa? Mlanguzi angenyang'anywa leseni. Riziki ya Ami ikawa mdomoni mwangu. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Kuanzia hapo sikuweza tena kupokea neno lake lolote kama lilivyo. Akinipa pole, najiuliza anataka nini. Akinisogezea kipande cha nyama, nakiacha. Akinyamaza ninapotoa hoja, naona ananidharau, na akijibu, naona ananipima. Nilikuwa mtu wa kuchosha, hata mimi mwenyewe nilijichosha.

Ramadhani ya mwaka ule, baada ya siku chache, sinia la Ami halikutoka. Mkeka ulitandikwa kama kawaida, maji ya kunawa yakaletwa. Yeye alikaa nasi akala tende moja, akasema, "Samahanini, tumbo," akaingia ndani na kufunga mlango. Kesho yake tena hivyo, na keshokutwa.

"Anakula pilau peke yake," mmoja wetu alisema. "Na chai ya sukari."

Wote walikuwa wananitazama mimi.

Siku iliyofuata niliingia. Kwetu mtu akikukuta unafuturu humuulizi shida yake, kwanza unamkalisha ale. Nakiri kwamba niliutegemea ustaarabu huo. Nilikwenda kupekua nyumba ya mzee wa watu, na adabu yake ndiyo ingenifungulia mlango. Nikapiga hodi na kuingia bila kungoja niitikiwe.

Ami na mkewe walikuwa wamekaa mkekani. Mbele yao kulikuwa na bakuli la uji wa mtama na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa ambavyo huliwa mashambani kwetu kilimo kikiwa kibaya. Mkewe, aliyenijua toka nikiwa mtoto, alivuta kanga akafunika uso.

"Karibu, mwanangu," Ami alisema. "Leo umekuja kula chakula cha kwenu."

Kama alinikejeli au la, hadi leo sijui. Nilikaa, nikanywa. Uji haukuwa na sukari. Aibu ilinishika kweli, ikakaa kwa muda wa mafunda mawili. Halafu nikajiuliza, wamejuaje kwamba nitakuja leo? Nikajikuta nanusa hewa, natafuta harufu ya iliki kutoka uani.

"Mbona hamkututolea barazani?" niliuliza.

"Watu wangesema nawaigizia umaskini."

"Na sasa?"

"Sasa utasema wewe."

Kwenye mkutano wa tawi niliulizwa nimeona nini. Nilijibu kweli tupu, "Wamenikaribisha uji usio na sukari, na matobolwa." Mtu mmoja akaangua kicheko. "Mwarabu na matobolwa! Mwalimu, umechezewa mchezo!" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba nilimwona yule mama akificha uso, kwamba mtu haigizi vile. Sikusema. Duka la Ami likafungwa.

Miezi michache baadaye sukari ilifika duka la ushirika. Watu walipanga foleni toka alfajiri. Mimi sikupanga. Msimamizi aliniita mlango wa nyuma, akasema, "Balozi, wewe una majukumu," akanikabidhi kilo mbili. Nilizibana ndani ya koti nikaenda zangu, na njia ya kwangu ilipita mbele ya nyumba ya Ami. Alikuwa amekaa nje peke yake. Nilimwamkia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Pole na kazi."

Wala hakuliangalia koti. Nilipofika nyumbani niliiweka sukari mezani, nikafunga mlango, nikamwambia mke wangu kwamba yule mzee si mtu wa kumwamini.