Vituo vya Mama

Wako wanaojitolea kufundisha madrasa, na wako wanaojitolea kuosha maiti. Mimi najitolea kufungasha mchezo wa kompyuta. Ni mchezo wa bure wa meli na treni, unaoandikwa na watu waliotawanyika duniani. Kila toleo jipya likitoka, mimi hapa mtaani Bofu, kwenye meza ya chakula, nalifanya kifurushi ambacho kompyuta zenye mfumo kama wetu zitakipokea bila kusumbua. Hakuna aliyenituma. Napenda tu.

Mchezaji wangu wa kwanza ni mama. Alikuwa karani bandarini, akihesabu shehena zikishuka melini, na alipostaafu alinuna mpaka majirani wakajua. Nikamwekea mchezo. Basi! Akajenga bandari, akatandika reli, na kila kituo akakipa jina la mwenzake wa zamu. Nusu yao wameshatangulia mbele ya haki. Tangu hapo nyumba ikawa na amani.

Ramadhani iliyopita aliipumzisha ramani ile ya bandari aliyoihifadhi mchezoni, na baada ya Idi akawa anachezea nyingine ndogo ndogo. Jumamosi moja asubuhi nikafungasha toleo jipya. Nikalijaribu kwa kuanzisha mchezo, ukafunguka, nikalituma kwa watu wote, nikajimiminia chai. Hata kikombe hakijesha, nasikia naitwa.

"Abee, mama."

"Bandari yangu imekataa kufunguka."

"Umebonyeza nini tena?" nikamjibu, kwa sauti ambayo mtu hamjibu mamake. Nikajaribu mwenyewe. Imekataa. Nikajaribu tena, wapi!

Mama akauliza polepole, "Ndiyo wamekwenda?"

Alikuwa akiwaulizia wenzake, si ramani. Mimi nikishindwa na jambo huwa mkali, basi nikaanza kuwalaani walioandika mchezo, wote, huko waliko.

Mama akachukua daftari, akafungua kila ramani aliyowahi kuihifadhi, moja baada ya moja, akaandika tarehe yake, na mbele yake "imefunguka" au "imekataa". Ukarani haujamtoka. Alipomaliza akaniwekea daftari mbele yangu.

Ala! Za kabla ya Ramadhani zimekataa zote, za baada ya Idi zimefunguka zote. Katikati hapo mchezo ulikuwa umebadilisha namna yake ya kuhifadhi. Kuna kijisehemu kidogo kinachosoma zile za zamani, na mimi, wakati wa kufungasha, nilikiacha nje. Kosa langu mwenyewe, wallahi, si la mtu mwingine hata kidogo. Niliona haya.

"Haraka yako hiyo," mama akasema. "Bandarini ungerudishwa getini."

Nikakirudisha mahali pake. Safari hii nilijaribu kwa kila ramani iliyokuwa daftarini, kisha nikatuma upya kwa watu wote na kuwaomba radhi. Adhana ya alasiri ilitukuta bado mezani.

Bandari ilipofunguka, mama hakucheza. Alikwenda kituo kwa kituo, akisoma jina kwa sauti, akitia alama ya vema kwenye karatasi, kisha jina linalofuata. Nilisimama nyuma yake.

"Wamefika wote," akasema, akijipangusa macho kwa pindo la leso. Kisha akanigeukia. "Haya, nipishe. Nina meli hapa haijashushwa."