Damu ya Kulinganishia

Kilichompatia Stefania Hnatiuk kazi katika benki moja ya ubongo mjini Winnipeg kilikuwa mwandiko wake. Waombaji wengine walikuja na vyeti vya chuo. Yeye alikuja na cha sekondari tu, na miaka minane ya kuandika lebo za magunia ya mbegu katika mji wao mdogo wa Dauphin. Mkuu wa maabara, Daktari Gudny Thorvaldson, aliangalia namna alivyoandika moja na saba, akaona kwamba hakuna mtu angeweza kuzichanganya hata akiwa amesinzia. Akasema, "Huyu."

Miaka kumi na tisa ikapita. Stefania alipokea bongo za watu waliokuwa wameahidi, wangali hai, kuzitoa wakifa, akazipa namba, akaviweka vipande vyake katika friza zenye baridi kuliko Januari ya jimbo lao la Manitoba. Mwenzake Rodel Macaraeg ndiye aliyevichukua. Alisaga kipande kadiri ya punje ya haragwe, kisha mashine ikamwambia ni jeni zipi zilikuwa zikifanya kazi humo na zipi zilikuwa zimelegea.

"Jeni tunazo zilezile mwili mzima," Rodel alipenda kuwaambia wageni. "Swali ni nani kaamka. Ubongo mgonjwa ni kijiji ambacho saa nne asubuhi nusu ya milango bado imefungwa."

Daftari la namba lilikuwa la Stefania peke yake. Humo tu ndimo namba ilipokutana na jina. Lilikaa katika kabati la chuma, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na msalaba mdogo wa ubatizo.

Kulikuwa na desturi moja pale. Ili kuujua ugonjwa, lazima uwe na damu ya watu wenye afya, wazima, ya kulinganishia na ya wagonjwa, na wazima wakipungua, wafanyakazi walikunja mikono ya mashati. Malipo yake yalikuwa andazi na masihara. Ila mwenye daftari hatoi damu, kwa sababu ataijua namba yake. Hiyo ilikuwa sheria, na aliyeiandika kwa wino mweusi ubaoni alikuwa Stefania mwenyewe.

Mwezi Februari theluji ilifunga barabara kwa siku mbili. Watu wa kanisa waliokuwa waje kutolewa damu hawakufika, na mashine ilikuwa imepangiwa siku.

"Dada Stefania, nimepungukiwa chupa moja," Rodel alisema. "Mimi nimetoa, Daktari ametoa, hata fundi wa bomba la maji nimemkamata nikamtoa damu. Umebaki wewe na ile mimea ya dirishani."

"Unaijua sheria."

"Naijua. Na mashine nayo inaijua zamu yake. Nani atakwenda kutazama namba moja kati ya mia tatu?"

Akatoa. Akaandika daftarini 0417, na mbele yake jina lake, kwa mwandiko uleule.

Ugonjwa waliokuwa wakiuchunguza mwaka ule si ule wa wazee kusahau majina ya wajukuu. Huu hula sehemu ya mbele ya ubongo, na huwachukua watu wangali na nguvu zao. Mgonjwa hukumbuka kila kitu. Kinachoondoka ni kujali: hachelei, haoni haya, haumii moyo. Maneno huondoka baadaye. Katika baadhi ya koo chanzo chake ni jeni moja. Kila mtu anazo nakala mbili, ya baba na ya mama. Kwa watu wa koo hizo moja imekufa, na iliyobaki hutoa nusu tu ya kazi inayotakiwa. Nusu hiyo huonekana hata katika damu, miaka mingi kabla ya mtu kuanza kubadilika.

Alhamisi ya mwisho ya Machi, Rodel alitandaza picha ya matokeo ukutani. Nukta za wagonjwa zilikuwa chini, za wazima juu, na katikati palikuwa peupe. Nukta moja tu ya buluu, rangi ya wazima, ilikuwa imekaa chini na wagonjwa.

"Huyu mzima wetu si mzima," alisema, akaigusa kwa kalamu. "Sifuri nne moja saba. Nusu kamili. Na jeni zake nyingine zote ziko mahali pake, kwa hiyo mashine haina kosa."

Stefania alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Aliandika: 0417, nusu. Kisha akaitazama namba hiyo kama mtu anayetazama nguo yake imevaliwa na mwingine.

"Usiseme hivyo mapema," Daktari Thorvaldson alimwambia Rodel. "Stefania, tazama daftari kama chupa hiyo ilipokelewa vizuri. Kama ilipokelewa vizuri, tutarudia kipimo, na kikirudi hivihivi kamati ya maadili itakuomba jina. Mtu huyo ana haki ya kuulizwa kama anataka kujua."

Alikwenda kabatini. Safari ya hatua kumi na nne, lakini marehemu baba yake alimfuata njia yote. Petro Hnatiuk alikuwa na miaka hamsini na sita alipoanza kula sukari kwa kijiko kutoka bakulini, na kucheka kwenye kaburi la ndugu yake huku padri akisoma. Dauphin nzima ilisema ni vodka. Mama yake aliisaka chupa miaka mitatu, ghalani, chini ya vitanda, ndani ya pipa la kabichi, asiipate. Hata hivyo alimzika mumewe akiamini vodka. Stefania naye aliamini. Alikwisha kushika mikononi bongo arobaini za watu waliokufa kwa ugonjwa huu, zimesinyaa mbele kama kokwa la jozi, na hata mara moja hakumwona baba yake ndani yake.

Yeye sasa alikuwa na hamsini na mbili. Binti yake Larysa, aliyekaa mji wa Brandon, alikuwa na mimba ya miezi sita, na alipiga simu kila Jumapili kuuliza jambo dogo: kama yeye naye alipiga mateke vilevile tumboni, kama mama yake aliota kabichi alipokuwa na mimba yake. Nusu kwa nusu, ndivyo jeni hiyo inavyogawiwa watoto. Kama kurusha sarafu, halafu kuirusha tena kwa ajili ya kilichomo tumboni.

Kwenye safu ya hali ya kupokelewa kulikuwa na neno moja la Februari: Njema. Stefania akaongeza mbele yake, kwa wino uleule: Ila ilichelewa kugandishwa. Isitumike. Akafunga kabati, akarudi kikaoni na kutoa taarifa. Daktari akasema, "Basi itupeni," wakaendelea na mambo mengine. Adhuhuri alikula supu ya mizizi myekundu ya biti aliyokuja nayo, yote, kwa hamu nzuri.

Jumatatu Rodel alikuja mezani kwake na karatasi.

"Dada, usinichape. Nilikuwa nimekwisha kuyapakia mashineni yale masalio ya 0417 kabla hujasoma daftari. Nikayaacha yaende." Akaiweka karatasi mbele yake. "Nusu tena. Lakini hilo si lililonileta. Damu iliyocheleweshwa, ujumbe wa jeni hukatikakatika humo kama tambi zilizochemshwa mno. Tazama hii. Haijakatika popote. Katika chupa mia tatu, hii ndiyo safi kuliko zote. Nadhani umeandika kwenye mstari wa mwingine. Nunua miwani, mama, umri umebisha hodi."

"Sikukosea mstari."

"Basi nani aliichelewesha?"

"Hakuna. Ni yangu, Rodel."

Alikuwa ameanza kutabasamu, akingoja neno la mwisho la utani. Lilipokosa kuja akavuta kiti, akakaa, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili asijue aifanyeje. "Ni mimi niliyekuomba," alisema. "Mimi."

Saa nane mchana Stefania alikuwa ofisini kwa Daktari Thorvaldson, daftari limefunguliwa kati yao. Daktari hakumkaripia. Alimweleza kwa upole kwamba kuna kipimo rasmi, na mshauri wa magonjwa ya kurithi atakayekaa naye, na kwamba kumwambia Larysa au kutomwambia ni uamuzi wa kuufikiria na huyo mshauri, si leo. Stefania aliitikia kila neno. Aliuliza kipimo huchukua siku ngapi.

"Wiki tatu," Daktari alisema. Kisha akaweka kidole juu ya ule mstari. "Nisaidie kuelewa hili tu. Miaka kumi na tisa, na sijawahi kukuta hata nukta isiyo yake. Ulipokuwa ukiandika hapa, ulijisikiaje?"

Stefania alitaka kujibu sawasawa, kama alivyojibu kila alichoulizwa ndani ya jengo lile. Alirudi kwa mawazo hadi kabatini, akatafuta hofu, akatafuta aibu, akalitafuta hata jina la Larysa lilivyokuwa kichwani mwake wakati wino unashuka.

"Sikujisikia vyovyote," alisema. "Sikuona ubaya wake. Hata sasa siuoni."

 Daktari Thorvaldson alilisogeza daftari pembeni, akavuta karatasi nyeupe ya taarifa za wagonjwa, akaandika juu yake tarehe, na chini ya tarehe akayanakili maneno hayo kama yalivyosemwa.