Siku Niliyosahau Kugawa kwa Nane

Leo naweza kusimulia bila kuficha uso, lakini nilikaa miezi mitatu nikivuka barabara kila nikiona mtu wa parokia ile ya Beni. Ninyi mnaniita Ingénieur (diploma sina, nina studio ndogo ya video hapa Butembo na mdomo mrefu), basi siku ile Ingénieur alivuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima, na kipaza sauti alikishika mwenyewe.

Padiri Kambale alipewa upadri hapa Butembo, nami ndiye niliyepiga filamu. Bibi yake, Koko Kahindo, aliyemlea tangu mama yake afariki, hakuweza kuja kwa sababu ya goti, donc familia ikapanga kwamba Jumapili inayofuata Padiri asome misa yake ya kwanza kwao Beni, watu wapate chakula, halafu saa saba Koko atazame filamu ukumbini, mjukuu wake amekaa pembeni yake. Ilikuwa lazima iwe siku hiyo, maana Jumatatu asubuhi Padiri alikuwa anaondoka kwenda kazini jimbo la mbali, na umri wa Koko hata yeye mwenyewe ameacha kuuhesabu.

Mimi nilitangulia Beni Jumamosi kupanga projecteur. Filamu, giga-octets thelathini na sita, ilibaki studio, mdogo wangu Kavira akimalizia majina ya mwisho. Kavira alisema Jumapili asubuhi tuiweke kwenye disque, tumpe motard Musubao ailete. Nikacheka. Studio ilikuwa imepata connexion mpya ya intaneti, mégabits ishirini na nne kwa sekunde, sasa nipakie filamu kwenye pikipiki kama gunia la viazi vya Musienene? Nikageuza giga kuwa méga, nikagawa thelathini na sita elfu kwa ishirini na nne, nikapata sekunde elfu moja mia tano, yaani dakika ishirini na tano. Nikamwambia atume saa saba kamili, wala si asubuhi, kwa sababu (hapa ndipo aibu yangu ilipolala) nilitaka watu waone kwa macho yao filamu ikishuka kutoka Butembo.

Saa saba ikafika. Nikawasha projecteur, mstari wa kijani ukatokea ukutani, nikashika kipaza sauti nikatangaza, "Vingt-cinq minutes, mutakuwa munaangalia filme." Wakapiga makofi. Simu yangu nilikuwa nimeizima sauti ili nionekane mtu wa kazi.

Dakika ishirini na tano zikaisha. Ukutani: asilimia kumi na mbili. Nikasema bado kidogo. Mama mmoja wa kwaya akauliza kama dakika za Butembo ni ndefu kuliko za Beni, ukumbi ukacheka, nami nikatoa simu kumpigia Kavira nikakuta yeye ameshanipigia mara tisa. Nikamweka kwenye kipaza sauti ili wote wasikie kosa ni lake.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "ulihesabu namna gani? Disque inahesabu octets, réseau inahesabu bits. Bits munane ndiyo inafanya octet moya. Haukugawa kwa munane?"

Nikaanza kugawa upya kwa vidole, ukumbi mzima ukinitazama.

"Ni masaa tatu na kitu," akaendelea. "Vile niliona, palepale nilipatia Musubao disque ya pili. Iko mu njia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Koko alikuwa ameshaanza kusinzia, na wazee walikuwa wanatafuta kofia zao. Hapo Padiri Kambale akainuka, hakunitazama hata kwa jicho la kunisuta, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi yake.

"Koko, ngoja nikuonyeshe vile nilifanya."

Akalala kifudifudi kwenye sakafu ya sima, na joho lake jeupe, mikono chini ya uso. Kwaya ikaanza litania ya watakatifu bila mtu kuwaomba. Alipoinuka kwenye magoti akamweleza kwamba hapo askofu alimwekea mikono kichwani, na Koko, polepole, akaweka yake. Akaiacha pale muda mrefu. Nililia, siwafichi, kamera ikiwa shingoni mwangu na mimi nimesahau kuiwasha.

Musubao akaingia mavumbi mpaka kwenye kope, disque imefungwa ndani ya kitenge cha Kavira. Dakika mia moja tangu atoke Butembo, na ukutani tulikuwa nusu tu. (Nilihesabu baadaye, safari hii nikazidisha kwa nane: Musubao na mashimo yote ya barabara alikuja na mégabits arobaini na nane kwa sekunde, mara mbili ya connexion yangu.)

Tukatazama. Ilipofika pale Padiri amelala chini mbele ya altare, Koko akanigusa mkono, nikajua sasa nasutwa.

"Ingénieur, aksanti," akasema. "Lakini hii nilishaona."

Nawashukuru wote, Kavira, Musubao, hata ile kwaya, kwa sababu wangeweza kuniacha niungue peke yangu. Tangu siku ile nagawa kwa nane kabla sijafungua mdomo. Na Kavira akisema tumpe motard, natafuta kitenge cha kufungia.