Maji ya Fedha ya Ezron Sichone

Ezron Sichone alisomea uganga miezi minne tu, akafukuzwa kwa kuibia mtihani wa kwanza, na tangu siku hiyo akajiita daktari. Ni katika wale watu wanaodhani koti jeupe ndilo linalotibu. Lake alilinunua kwenye mitumba ya Tunduma, likiwa na jina la bucha fulani ya Ulaya limetariziwa kifuani. Alilikwangua kwa wembe, pakabaki tundu, na tundu akaliziba kwa kuchomeka kalamu nne.

Meza yake ilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yanapongoja siku mbili tatu kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Dereva aliyekwama siku tatu juani anaweza kuuziwa chochote, na hilo Ezron alilijua kuliko alivyojua jambo lingine lolote maishani. Dawa yake ilikuwa moja: maji ya fedha. Alidai yana chembe za madini ya fedha ziitwazo nano, ndogo hata darubini ya shuleni haizioni, zinazoua virusi na bakteria kabla havijakaa mwilini.

"Nano, wakubwa, nano!" aliita. "Kijiko kimoja asubuhi, mafua hayakujui, kipindupindu kinakupita kama jirani mliyegombana!"

Kinachoudhi ni kwamba jambo lenyewe hakulitunga. Fedha huua vijidudu kweli, na wapo watu wenye elimu wanaozichunguza chembe hizo maabarani kwa miaka. Ezron aliuokota ukweli huo kwenye simu, akaufanyia kile mwizi anachoifanyia baiskeli: akaupaka rangi nyingine, akauuza. Chumbani kwake alikuwa na betri mbili, glasi moja, na vipande vya bangili ambayo mchuuzi wa ng'ambo alimwapia kuwa ni fedha tupu. Aliviunganisha na betri, akavitumbukiza kwenye maji ya bomba, akatia chumvi ili povu lianze haraka, akangoja maji yageuke kijivu. Kama bangili ile ilikuwa fedha au bati, hakujua, wala hakutaka kujua.

Mwezi wa nne mama yake, Anna, alishuka kutoka Mbozi kumsalimia kabla kahawa haijaanza kuiva. Jumamosi moja, akiepua maharage jikoni kwa mwanawe, kitambaa kikamteleza. Sufuria ikaanguka, mchuzi unaochemka ukamwagikia mguu wa kushoto, kutoka kifundoni hadi vidoleni.

Majirani wakasema apelekwe kituo cha afya. Ezron akacheka.

"Mama wa daktari akapange foleni? Kwa lipi nililoshindwa?"

Akaumwagia mguu maji yake ya kijivu, akaufunga kwa kipande cha shuka kuukuu, na mengine akamnywesha mama kikombe asubuhi na jioni. Akaenda zake barabarani. Hapo mezani, kwa kinywa kilekile kilichompa mama pole, akawaambia madereva, "Mimi sibahatishi. Hata mama yangu mzazi namtibu kwa hii hii."

Siku ya nne mama akamwita.

"Mwanangu, mguu unanuka."

"Hiyo ni harufu ya vijidudu vinavyokufa, mama."

"Vinavyokufa ni vijidudu, au ni mimi?"

Ezron alikuwa anachana nywele.

Kesho yake dada yake, Nesta, alifika kutoka Mbozi baada ya simu ya jirani. Harufu aliikuta mlangoni. Akaifungua shuka, akaitupa nje, kisha akamgeukia kaka yake.

"Huyu kwako ni mama au ni tangazo?"

Hakungoja jibu. Alimbeba mama mgongoni hadi kwenye bajaji ya stendi, na mchana walikuwa hospitali ya Mbozi.

Nesi aliyewapokea aliitwa Gwantwa, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliosha kidonda, daktari akaondoa nyama iliyooza, mama akaanzishiwa sindano. Kidole kidogo hakikuokoka. Kidonda kilichobaki Gwantwa alikifunga kwa kitambaa maalumu cha vidonda vya moto, chenye fedha ndani yake.

Ezron alikuja siku ya tatu, amevaa koti. Akaiona pakiti ya kile kitambaa, akasoma maandishi yake ya Kiingereza, uso ukamng'aa kama aliyeshinda kesi.

"Fedha! Si niliwaambia? Mnatumia dawa yangu!"

Gwantwa aliendelea kukata plasta. "Kaka, fedha hii imepimwa. Inatoka kidogo kidogo juu ya kidonda kilichosafishwa, inazuia vijidudu visizaliane. Hainywewi. Wewe ulifunga uozo ndani ya shuka, ukaumwagia maji yasiyopimwa."

"Lakini kanuni ni moja, sista."

"Kisu cha daktari na kisu cha jambazi vyote ni chuma. Sogea, unanizibia mwanga."

Mtu mwingine angeona haya. Ezron alirudi Tunduma akaandikisha bango jipya: INATUMIKA HOSPITALI. Wateja wakaongezeka.

Habari zikamfikia mama akiwa bado wodini. Hakulia, hakulaani. Aliporuhusiwa kutoka, akitembea kwa fimbo, alimwambia Nesta, "Twende Tunduma kwanza."

Walifika saa sita, meza imezungukwa. Anna akapenya katikati ya madereva, akaketi kwenye kiti cha mwanawe, akavua kiatu, akauweka mguu juu ya meza, katikati ya chupa. Ngozi ilikuwa nyekundu, imekunjamana, na pale pa kidole palikuwa na kovu tu.

"Mimi ndiye mama yake huyu anayewahubirieni," alisema. "Huu ndio mguu alioutibu. Hospitali waliutoa kwenye uozo wake. Nunueni sasa."

Dereva mmoja wa Kitwe akairudisha chupa mezani taratibu, kana kwamba ingemwuma. Mwingine akaimwaga yake kwenye lami.

"Mama, unaniaibisha mbele za watu," Ezron akanong'ona.

"Aibu unayo wapi? Ningeiona kwako siku moja, ningemshukuru Mungu."

Meza haikuonekana tena siku iliyofuata. Siku hizi Ezron anauza makava ya simu upande wa stendi, na ukimuuliza atakwambia aliacha utabibu kwa sababu ya husuda ya madaktari. Msamaha hajaomba. Hutuma salamu kupitia kwa Nesta, na mama huzipokea kwa kutikisa kichwa tu, anaendelea na kazi. Msimu huu alichuma kahawa akiwa ameketi kwenye kigoda, matawi ya chini, na ya juu akamwachia Nesta.