Wimbo Ulioangusha Mkuyu

Kuna siku moja ya kuchuma kahawa hapa Githongo ambayo haitaki kuniacha, mjukuu wangu Kendi. Jana uliponisomea mchezo wako ilinirudia yote, na tangu hapo nimechoka, wala si miguu iliyochoka.

Unasema huko chuoni Nchiru mnafundishwa kuwaeleza watu habari za mvua iliyopotea na mito inayokauka, kwa nyimbo na maigizo. Ni kazi nzuri. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini nyimbo nimeziimba. Sasa katika mchezo wako kuna mzee wa kofia nyekundu, ana kikohozi, anavuta mto wote kwa pampu. Nikakuuliza, "Huyu si Mutwiri, jirani yetu wa juu?"

Ukacheka. "Cucu, hata mwalimu alicheka mpaka machozi! Jumamosi tunauonyesha sokoni, na Mutwiri atakuwepo."

Basi kaa kidogo.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila mtu alitaka kahawa mpaka ukingoni mwa maji. Kisima chetu kilikuwa na mikuyu miwili. M'Ikiara, mwenye shamba la pale, akakata mmoja apande kahawa, na maji yakaanza kupungua. Sisi wanawake tukichuma tulikuwa tunaimba, na wimbo ulimtaja mtu kwa jina. Ndiyo desturi. Rafiki yangu Karimi, mwenye sauti ya kupasua ukungu, akatunga: M'Ikiara amekunywa kisima, tumboni analia chura. Tukaitikia sote, mimi, Gatwiri, Ciomwari, hata watoto. Wimbo ukafika kiwandani kabla ya kahawa yenyewe. Kwenye foleni ya mizani watu wakamuuliza, "M'Ikiara, chura amelala?"

Asubuhi moja tukasikia shoka. Alikuwa anaukata mkuyu wa pili.

"Sasa imbeni," akatuambia, bila kugeuka.

Mama mkwe wangu Ciambaka hakumkemea yeye. Alitukemea sisi. "Karimi, ulitaka maji au ulitaka kuchekesha?"

"Si ni kweli alikata mti?"

"Ni kweli. Lakini umemfungia mlango, halafu unashangaa haingii."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu.

Ciambaka akapika uji, akajaza kibuyu, akampelekea M'Ikiara. Mkono mtupu haulambwi, na kwetu ukinywa uji wa mtu umekubali kumsikiliza. Alikunywa. Ndipo Ciambaka akamwimbia wimbo mwingine, wa babake M'Ikiara, mzee M'Mbogori, aliyekuwa akilinda kisima kile watu wasifulie ndani. M'Ikiara alisikiliza macho yakiwa chini. Mvua ilipokuja alipanda miche ya mikuyu pale. Mmoja ndio ulioshika, ule unaouona ukipita. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kisima hakikurudi, tukahamia mtoni, na mgongo huu wangu ulipindia kwenye ile njia. Karimi hakuimba tena shambani mpaka tulipomzika.

Sasa mto ndio tuliobaki nao. Mutwiri akiudhika akaongeza pampu ya pili, sisi wa chini tutachota wapi? Mimi sina mgongo mwingine.

Kwa hivyo, mwanangu, ivue ile kofia nyekundu kwenye mchezo, na kikohozi ukiondoe. Ukweli wa mto useme wote, usipunguze hata neno, kwa maana ukimficha mtu ugonjwa wake hujamsaidia. Lakini mwachie mtu mahali pa kurudi. Aliyechekwa mbele ya soko zima hatasikia habari za mvua, atasikia kicheko tu. Tena usingoje Jumamosi. Nenda kwake leo. Umuulize Mutwiri ni wapi mamake alikuwa akichota maji. Anaitwa Kagwiria, tulikuwa tukitwishana mitungi mimi na yeye. Hapo mchezo wako utapata maneno ambayo mwalimu hana.

Kibuyu kiko mlangoni, uji ungali moto. Murungu, Mungu wetu, akulainishie ulimi, akukuze kama mti wa kando ya maji, na wanao wasichote mbali kama mimi. Thaai, iwe amani.